Zulia juu ya Mvule: Tahakiki ya Sakafu ya Nyumba Kuukuu

Mazoea ya kurasa hizi ni kuhakiki vitabu. Tumezoea kukaa na riwaya au diwani, tukaitazama fani yake na maudhui yake, kisha tukasema lililotupendeza na lililotuchukiza. Safari hii tunaomba radhi kwa wasomaji, maana tutahakiki kitu kinachokanyagwa. Tutahakiki sakafu. Wala hatufanyi hivyo kwa mzaha. Kwa muda wa miezi mitano wanachama wetu wamegawanyika makundi mawili juu ya chumba kimoja cha kusomea, na maneno yaliyosemwa katika mikutano, mengine ya busara na mengine ya hasira, yametuonyesha kwamba sakafu nayo ina maana zake, na kwamba mtu aweza kuisoma vibaya kama awezavyo kulisoma vibaya shairi.

Chumba chenyewe kimo katika nyumba ya kupanga mjini Kampala, mojawapo ya zile nyumba za vigae vyekundu na baraza pana zilizojengwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya maofisa wa serikali ya kikoloni. Urefu wake ni mita 9, na upana mita 6. Tulipokipokea kilikuwa kimefunikwa zulia moja la kijivu kutoka ukuta huu hadi ukuta ule, pembezoni limeshikwa na fito zenye misumari midogo, na chini yake pamelazwa utando wa mpira uliogandishwa kwa gundi. Hakuna aliyeuliza chini ya mpira kuna nini. Ikaja masika, maji yakapita chini ya mlango wa nyuma, zulia likanywa likashiba, na baada ya siku tatu chumba kikanuka kama gunia bovu. Tulipoinua pembe moja ili tuikaushe, tukaona vibao vya mvule vimepangwa kwa mshazari, kila kimoja urefu wa milimita 230 na upana wa 75. Hesabu ya mwalimu wetu mmoja ilionyesha kwamba chumba kizima kina vibao zaidi ya 3,000. Tumevikalia miaka yote hiyo pasi na kujua.

Hapo ndipo hoja ilipozuka. Kundi moja likasema tununue zulia jipya, maana la zamani limekwisha. Kundi la pili likasema tuling'oe zulia, tuipige msasa sakafu, tuipake vanishi, basi. Mwandishi wa tahakiki hii alikuwa katika kundi la pili tangu siku ile ya kwanza, na msomaji ana haki ya kuambiwa hivyo mapema.

Tuanze na maneno yenyewe, kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha. Neno sakafu tumelipata katika Kiarabu, ambako asili yake, saqf, ni paa au dari. Mwanafunzi aliyesoma kidogo Kiarabu hushangaa: kitu cha juu kimekuwaje cha chini? Jibu limo katika nyumba za mawe za pwani. Fundi wa Lamu au wa Unguja alilaza boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta, akapanga mawe juu yake, akamwaga chokaa na kokoto, kisha watu wakaitwanga mpaka ikashikamana. Kitu hicho kimoja kilikuwa dari kwa aliyelala chini na sakafu kwa aliyeishi ghorofani. Boriti ndizo zilizoamua upana wa chumba, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba na virefu. Kwa hiyo tusemapo «sakafu ya mbao» tunalitumia neno la chokaa kwa kitu kingine, na si kosa. Lugha haina budi kukua. Lakini yafaa tukumbuke kwamba tangu mwanzo neno hili lilitaja sehemu ya mwili wa nyumba. Halikutaja nguo yake.

Nguo ya nyumba ina majina yake, tena mengi: mkeka, jamvi, kirago, msala, busati, zulia. Zulia ni neno ambalo Waarabu wa Ghuba nao wanalo, na wenye elimu hulihusisha na Kiajemi. Vitu vyote hivi sita vina kitenzi kimoja: hutandikwa. Na kitandikwacho hutanduliwa. Mkeka hukunjwa asubuhi, jamvi hukung'utwa baada ya wageni kuondoka, busati huanikwa juani. Hata tukitaka kusema kwamba shughuli imekwisha, twasema watu wamekunja jamvi. Sasa hebu tulitazame lile zulia letu la kijivu. Halikutandikwa, lilipigiliwa misumari. Haliwezi kukunjwa, wala kukung'utwa, wala kuanikwa, na ndiyo maana siku tatu za unyevu zilitosha kulioza. Wenzetu wengine hupenda kuliita kapeti, na wasafishaji wa lugha huwakemea. Sisi kwa mara hii tunawaunga mkono. Pengine ni vema kapeti likabaki jina la kitu kilichogandishwa, na zulia likabaki jina la kitu kinachotandikwa, maana ni vitu viwili tofauti na kila kimoja kina adabu zake.

Hatuna ugomvi na zulia kama zulia. Zulia la manyoya la kale kuliko yote yaliyosalimika lilichimbuliwa mwaka 1949 katika makaburi ya Pazyryk, milimani Altai, likiwa limehifadhiwa na barafu kwa zaidi ya miaka 2,000. Urefu wake haufiki mita mbili na robo, na wapanda farasi waliofumwa humo wangali wakionekana. Hiyo ni sanaa. Lakini kapeti la ukuta kwa ukuta lina nasaba nyingine kabisa. Kwao ni Dalton, katika jimbo la Georgia, Marekani, mahali ambapo binti mmoja aitwaye Catherine Evans alianza mwaka 1895 kutengeneza vitandiko vya kitanda kwa kuchomeka nyuzi na kuzikata. Kazi ile ya mkono ikawa ya mashine, mashine zikapanuka, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nailoni ilipoingia badala ya sufu, mji ule ukawa ndio kitovu cha makapeti ya Marekani. Nyumba nyingi za huko zilizokuwa na sakafu za mbao za mwaloni zikafunikwa, si kwa sababu mbao zilikuwa mbovu, bali kwa sababu kapeti lilikuwa jipya, laini, na alama ya kwamba mwenye nyumba amepiga hatua. Wajukuu wa watu hao ndio wanaoling'oa leo, wakistaajabu kama tulivyostaajabu sisi. Makosa yale yale, tofauti ni kwamba kwao kuna baridi kali ya miezi kadhaa, ambapo kukanyaga kitu chenye joto ni haja ya kweli. Kampala hatuna udhuru huo.

Sasa tuitazame sakafu yenyewe kama tutazamavyo kazi ya mtunzi. Mvule ni mti wetu. Nchi ya Busoga ilisifika kwa mivule yake. Ubao wake ukikatwa huwa wa manjano, kisha mwanga huubadilisha pole pole hata ukawa wa rangi ya asali iliyoiva. Mchwa hawaupendi. Mara nyingine ndani ya gogo hukutwa jiwe gumu la chokaa ambalo mti wenyewe umelitengeneza, na msumeno ukiligonga meno yake huharibika. Mafundi wa zamani walilijua jambo hili na kulilaani. Uko ubao mgumu na mzito kuupita, nao ni muhuhu wa Kenya na Tanzania, ambao ulisafirishwa hata ng'ambo kuwa sakafu za majumba yanayokanyagwa na watu wengi. Lakini muhuhu ni mti unaokua polepole mno, na misitu yake imekatwa sana. Mvule nao siku hizi haupatikani kwa urahisi. Kwa hiyo mtu anayeagiza leo kapeti lifunike vibao 3,000 vya mvule afahamu kwamba anafunika kitu ambacho, kikiharibika, hataweza kukinunua tena kwa fedha za chama cha walimu.

Fundi aliyevipanga, ambaye hatukuachiwa jina lake, alivilaza juu ya lami iliyomwagwa kwenye zege, kibao hiki kikiegemea ubavu wa kile, safu moja ikielekea kulia na ya pili kushoto, kama mifupa ya samaki. Mtazamaji aliyewahi kumwona mwanamke wa pwani akisuka ukili ataitambua mishazari hiyo mara moja. Hatudai kwamba fundi aliiga mkeka. Mpango huo unajulikana Ulaya tangu zamani. Tunachodai ni kwamba jicho letu lina njia yake ya kuingia katika kazi hii. Tena mpango huu una hekima isiyoonekana. Ubao hupanuka wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, na hupanuka zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Mbao ndefu zikipangwa zote upande mmoja hukusanya mavimbo yao mahali pamoja, lakini vibao vifupi vilivyogeuziana hugawana mzigo. Pembezoni mwa chumba fundi aliacha nafasi ya kidole kimoja, akaifunika kwa ubao wa ukutani, ili sakafu ipate pa kuponea. Waliotandaza kapeti walipigilia fito zao papo hapo katika vibao vya pembeni, na kuijaza nafasi ile kwa gundi. Katika upande wa kaskazini vibao kumi na vinne vimeinuka kwa kukosa pa kwenda. Huo ndio uhakiki wetu mkali kuliko wote juu ya kapeti lile, na hauhusu uzuri: halikusoma kilichoandikwa kabla yake.

Hata hivyo tungekuwa wahakiki wabovu kama tungenyamazia fadhila za upande wa pili. La kwanza ni sauti. Chumba cha sakafu ngumu, kuta za saruji na dari tambarare hurudisha mwangwi, na mwangwi ni adui wa mwalimu wa matamshi. Wanafunzi wetu wengi lugha yao ya kwanza ni Luganda, ambamo kitambaza na kimadende havitofautishi maana kama katika Kiswahili, bali hupeana zamu kufuatana na irabu iliyotangulia. Wakifundishwa kutenganisha kula na kura wanahitaji kusikia kwa usafi. Hali kadhalika vikwamizi vya th, dh na sh hupotea upesi katika chumba chenye kelele. Siku tulipofungua nusu ya sakafu na kufanya somo, tulisikia viti vikikwaruza na viatu vikigonga, na mwalimu akalazimika kurudia sentensi moja mara tatu. Kapeti huimeza kelele hiyo. Kundi la kwanza lilikuwa na haki kutukumbusha, na tuliwajibu vibaya siku ile.

La pili ni afya, na hapa kila upande umesema uongo kidogo. Ni kweli kwamba katika kapeti lisiloweza kuanikwa hukaa utitiri wa vumbi, vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo hula magamba ya ngozi zetu na kustawi penye unyevu, na ni kweli kwamba kinyesi chao huwasumbua wenye pumu. Tunao wanafunzi wawili wa namna hiyo. Lakini vumbi la mvule nalo huwasha pua, macho na ngozi, na fundi apigaye msasa bila kufunika pua na kinywa anajitafutia kikohozi. Zaidi ya hapo, lami na gundi za miaka ile mara nyingine zilichanganywa na asibesto. Kibao kilichokaa mahali pake hakina hatari hiyo. Kibao kilichong'olewa na gundi yake kukwanguliwa kikavu ndicho chenye hatari. Kwa hiyo wale vijana wetu waliojitolea kuja Jumamosi na patasi, tukawashukuru na kuwarudisha nyumbani mpaka gundi ipimwe.

Tungeishia hapo kama jambo hili lingekuwa la mbao na nyuzi peke yake. Lakini katika mkutano wa tatu Mzee mmoja, mwanachama wetu wa tangu siku za mwanzo, aliyekuwa amekaa kimya mikutano miwili, aliomba ruhusa ya kusema. Alisema kwamba sisi tunaiona sakafu hii kwa mara ya kwanza, yeye anaiona kwa mara ya pili. Si hii hasa, bali dada yake, katika nyumba ya jirani. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na mitano aliajiriwa kuwa boi, na kila Ijumaa alipiga magoti kutoka ukuta hadi ukuta na kopo la nta na kipande cha blanketi, akasugua mpaka bwana aone sura yake katika ubao. Alikatazwa kuikanyaga kwa viatu, na viatu hakuwa navyo. Akatuambia kwamba sisi twaita uzuri kitu ambacho magoti yake yanakiita kwa jina jingine, na kwamba yeye atapiga kura ya kapeti, la rangi yoyote.

Mkutano ulinyamaza. Mwenyekiti, ambaye kwa kawaida ana maneno mengi, alifunga daftari lake.

Sisi tumelifikiria neno la Mzee kuliko hoja nyingine yoyote, na hatuoni kwamba linaweza kujibiwa kwa kusifu rangi ya asali. Mhakiki akiutazama mng'aro bila kuuliza nani aliung'arisha amesoma ukurasa mmoja akaacha wa pili. Ni kweli: sakafu hizi zilitengenezwa kwa ajili ya watu ambao hawakuzisugua, na zilisuguliwa na watu ambao hawakukaa juu yake. Tumeuliza walimu wengine wa rika lake, na kila mmoja alikuwa na kopo lake la nta la kukumbuka.

Lakini tukauliza pia: kapeti lilifanya nini juu ya habari hiyo? Liliificha. Halikumwinua mtu yeyote kutoka magotini, lilimtoa machoni. Wanafunzi wetu walikaa miaka mingi juu ya kazi ya fundi mmoja na jasho la vijana wengi, wakadhani wanakaa juu ya kitu cha kijivu kilichonunuliwa dukani. Tukiamua kulifunika tena, tutafanya hivyo tukijua, na kuficha kwa kujua ni kubaya kuliko kuficha kwa kutojua. Hilo ndilo tulilomwandikia Mzee, kwa heshima zote, katika barua ambayo hatutaichapa hapa. Jibu lake lilikuwa fupi. Alitaka kujua ni nani atakayesugua.

Swali lake ndilo lililobadilisha mpango wetu wote. Tulikuwa tumekusudia kupaka nta, kwa kuwa nta ndiyo iliyokuwapo zamani na wapenzi wa vitu vya kale huiona kuwa ndiyo halali. Tumeiacha. Tutapaka vanishi ngumu ya kisasa, tabaka tatu, ambayo hufagiliwa kwa ufagio laini na kupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kilichofungwa kwenye mti, mtu akiwa amesimama. Wapo watakaosema kwamba vanishi hung'aa kwa namna isiyo ya asili, na kwamba ikichubuka ni lazima kuipiga msasa upya, wakati nta ingeongezwa tu pale ilipolika. Wanasema kweli. Kibao cha aina hii kina unene wa milimita 25 hivi na kinaweza kuvumilia misasa kadhaa katika uhai wake, hivyo gharama hiyo tunaikubali. Zamu ya kufagia itakuwa ya walimu na wanafunzi kwa pamoja, na jina la mwenyekiti limeandikwa katika wiki ya kwanza.

Kuhusu mwangwi, tutatandika. Tumeagiza majamvi manne makubwa kwa ajili ya sehemu ya mazoezi ya matamshi, na zulia moja la sufu la mita 3 kwa 2 litawekwa penye viti vya wazee. Rafu za vitabu zitahamishiwa ukuta ulio mkabala na madirisha, maana vitabu vingi vilivyopangwa ukutani navyo hupunguza mwangwi, na miguu ya viti itavalishwa vipande vya sufu. Haya yote yataweza kuinuliwa, kukung'utwa na kuanikwa uani. Fedha zilizobaki baada ya kutonunua kapeti zinatosha kuzuia maji mlangoni, kazi ambayo ingepaswa kufanywa kabla ya yote, na ambayo hakuna kundi lolote lililoitaja katika mikutano miwili ya kwanza.

Kura ilipigwa: kumi na tisa wakakubali, kumi na mmoja wakakataa. Mzee alikuwa miongoni mwa wale kumi na mmoja, na hakuna aliyemwomba abadilishe. Majibu ya kipimo cha gundi bado hatujayapata. Kwa sasa vile vibao kumi na vinne vya upande wa kaskazini vimeondolewa kwa uangalifu na kufungwa katika mfuko, vimeandikwa nambari kwa chaki kufuatana na mahali pake, na vimewekwa katika kabati la kamusi. Juma lililopita Mzee alikuja kuazima kitabu, akaomba aonyeshwe kimoja. Tulimwonyesha kupitia plastiki ya mfuko, kwa sababu ya gundi. Akakigeuza, akautazama upande wa chini uliokuwa na lami, upande ambao hajawahi kuuona maishani mwake, akauliza kama namba 9 ndicho kilichokuwa karibu na mlango.